Kitambaa Chekundu cha Chumba cha Ndani

Bagamoyo,
23 Mei, 1971.

Kwa mdogo wangu mpenzi Ashatu,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na shemeji Alawi na wakwe zako wote hapo Pangani, na kwamba mzigo ulioubeba haukutesi sana. Je, miguu bado inavimba? Na ile hamu ya ukwaju imekwisha, au bado unamkimbiza shemeji sokoni kila jioni kama alivyotulalamikia? Nakuombea kila baada ya sala, na sisemi hivyo kwa kujaza karatasi.

Hapa ndipo ninapotakiwa kuandika kuwa sisi huku hatujambo, ila hofu ni juu yako. Maneno hayo nimekuandikia mara nyingi tangu uolewe, na tangu vuli yamekuwa uongo mtupu. Leo yamenikwama. Hatuko wazima, Ashatu.

Mama ndiye aliyeniagiza niandike. Amenikalisha ukumbini baada ya chai, akaniambia nikueleze kwamba mwezi wako wa saba umefika, ufunge safari uje kujifungulia nyumbani kama ilivyo desturi kwa mimba ya kwanza. Arobaini yako utaikaa chumba cha ndani, naye atakukanda na kukupikia uji wa pilipili manga kwa mkono wake. Hata njia amekupangia: mpande basi la kutoka Tanga, mshuke Msata, na mume wangu Rajabu atakuja kuwapokea hapo njia panda. Nimeitikia naam, mama. Sasa yeye yuko jikoni na mimi nakuandikia kinyume cha alichoniagiza. Usije. Nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Unakumbuka jinsi chumba cha ndani kilivyopambwa kwa ajili ya harusi yako. Kile kitambaa chekundu cha bibi, chenye maua ya rangi ya dhahabu, kilifunika ukuta wote wa upande wa kichochoro, kutoka darini hadi sakafuni, kikapigiliwa misumari juu na chini. Na mwiko wa nyumba yetu unaujua: kitambaa hakiguswi mpaka mtoto wa kwanza wa bibi harusi atolewe nje siku ya arobaini. Kilipotundikwa kwa ajili yangu kilikaa zaidi ya mwaka, nikamzaa Sadallah humo humo, na hapana lililotokea. Lakini siku hizo baba alikuwa hai. Kila mvua zilipokaribia alipanda juu ya mabati, mzee wa watu na magoti yake mabovu, akaziba nyufa na kuzoa takataka za ule mlizamu unaopitisha maji kati ya paa letu na la Bi Biubwa. Tangu tumzike baba hakuna aliyepanda, na sisi tulidhani maji yanajua njia yake.

Siku ya kukupamba, Bi Biubwa jirani aliingia chumbani, akasimama karibu na kitanda, akasema chumba kinanuka maji, tukauangalie mlizamu. Hakuanza na mashaallah, wala hakumsifu bibi harusi kwanza. Wewe ulikuwa umefunikwa kanga, hukuuona uso wa mama ulivyobadilika. Baadaye alinivuta pembeni akaniambia kuwa mwanamke yule ana kijicho, binti zake hawajachumbiwa na ndiyo maana anakinusanusa chumba cha mwenziwe. Nilicheka, maana mama akikasirika husema mambo ya kuchekesha. Hakuna aliyekwenda kuangalia mlizamu.

Ulipoondoka, mama hakutaka chumba chako kikae kitupu. Alihamia humo yeye na Mwaija wangu, wakawa wanalala kwenye kitanda kikubwa, bibi ukingoni na mjukuu upande wa ukutani asije akaanguka. Vuli ilipoanza, katikati ya Ramadhani, Mwaija akashikwa na kikohozi. Tulikiona cha kawaida, tukampa asali na ndimu. Lakini mafua yakaisha, kikohozi kikabaki. Kifua kikawa kinalia akivuta pumzi, macho mekundu, na alfajiri anakaa kitako kitandani akitafuta hewa kama mtu aliyekimbizwa. Kisha mama akaanza kuumwa kichwa kisichosikia dawa na kuwashwa mwili mzima. Sadallah naye, tulipomlaza humo baada ya homa, akaanza kutokwa damu puani.

Maana unajua sisi tulivyo. Mgonjwa kwetu hapewi kona, anapewa chumba kizuri, na chumba kizuri ni kimoja tu. Kila aliyeanza kuugua tulimbeba tukamlaza humo, tukashangaa anazidi. Na mama akaziba dirisha la kichochoroni kwa matambara, upepo usiingie na moshi wa ubani usitoke. Nilikuwa nikiingia humo natokwa na machozi, nikidhani ni moshi.

Usifikiri tulikaa tu. Hospitali tulikwenda hata walinzi wakatuzoea. Mwaija alichomwa sindano, akapewa dawa ya maji, akapelekwa Dar es Salaam kupigwa picha ya kifua, na picha ikarudi haina kitu. Daktari alisema huenda ni pumu. Mama akamjibu kwamba katika ukoo wetu hakuna pumu, tena kwa sauti ya mtu aliyetukanwa. Rajabu alikuwa akirudi kutoka kwenye mashamba ya chumvi amechoka hoi, anamchukua mtoto begani na kutembea naye uani mpaka alale. Huko nje alikuwa akilala vizuri. Hatukuliona hilo, Ashatu, na lilikuwa mbele ya macho yetu.

Baada ya mwaka mpya tulimpeleka Mwaija Mlingotini kwa shangazi Tatu. Huko, kwenye nyumba ya makuti inayopitisha upepo kila upande, mtoto alipona. Nakuambia alipona kabisa! Alikuwa akirukaruka kamba, akanenepa mashavu, na shangazi akalalamika kwamba anamalizia samaki. Mama aliposikia akasema basi jambo limejionyesha: ugonjwa hauko mwilini mwa mtoto, uko nyumbani, na aliyeuweka yuko karibu. Kwa hilo la nyumba alikuwa na haki, maskini. Akaletwa mwalimu mmoja kutoka upande wa Zinga, akasoma, akavuta pumzi, akasema kizingiti cha mlango kimezikiwa kitu na jirani wa kike. Tukakichimba kizingiti alichokiweka babu. Hatukupata ila kigae cha mtungi, naye akasema ndicho chenyewe, akaenda nacho.

Idd Kubwa Bi Biubwa alituletea sahani ya nyama iliyofunikwa kawa, kama alivyofanya tangu sisi watoto. Mama aliirudisha vile vile, hata kawa hakulifunua. Mimi ndiye niliyeipeleka. Bi Biubwa aliipokea, akaitazama, akaniuliza Mwaija hajambo. Nilimwambia hajambo nikageuka.

Basi nyumba ikahesabiwa kuwa imesafishika. Mama alikwenda Mlingotini mwenyewe, akamchukua mjukuu wake, akarudi naye amemvika gauni jipya. Nami sikumkataza, nilikuwa nimemkumbuka mwanangu. Alimlaza mahali pake pale pale, upande wa ukutani, na masika ikaanza kunyesha.

Sasa nimefika mahali ambapo nimekuwa nikipazunguka tangu mwanzo wa barua. Mama ametukataza sote tusikuambie, kwa kuwa mja mzito hapelekewi habari ya msiba. Katika barua yangu iliyopita nilikuandikia kwamba Mwaija anakusalimu na anauliza utamletea nini kutoka Pangani. Mdogo wangu, siku nilipoandika hayo Mwaija alikuwa amekwisha zikwa. Keti, umwite mama mkwe wako akae nawe, unywe maji. Nisamehe kwa kukuambia hivi. Laiti ningekuwa na njia nyingine ya kukuzuia usije, ningekuficha mpaka ujifungue.

Alifariki asubuhi, mikononi mwa Rajabu. Hata arobaini yake haijatimia. Wakati wa kumwosha ilitakiwa shuka kubwa ya kumsitiri, na shuka zetu zote zilikuwa mbichi kambani, maana nilikuwa nikizifua kila siku kwa ajili yake na mvua haikutoa nafasi. Shangazi Tatu akasema itumike hiki kilichopo. Mama alikuwa ameinamisha kichwa chini, hakusikia. Shangazi akashika kitambaa chekundu akakivuta, misumari ikatoka na chokaa yake.

Ukuta ulikuwa mweusi. Sisemi doa, Ashatu, nasema ukuta mzima, kutoka sakafuni mpaka juu ya kimo changu, umeota kuvu jeusi na la kijani lenye manyoya, na maji yanachuruzika taratibu kutoka usawa wa mlizamu. Harufu ilitupiga, mwoshaji mmoja akatoka nje kukohoa. Na pale kilipokaa kichwa cha mwanangu, umbali wa kiganja kutoka ukutani, kuvu lilikuwa nene kuliko kwingine. Nyuma ya kitambaa nako kulikuwa kweusi vile vile. Shangazi alikigeuza, upande mweusi ukawa nje na mwekundu ukamwelekea mtoto, wanawake wakakishika pembe nne. Pembe moja ilishikwa na Bi Biubwa. Alikuja bila kuitwa. Ndivyo Mwaija alivyooshwa, ndani ya kitambaa cha harusi yako.

Baada ya siku za matanga nilirudi kwa daktari nikamweleza habari ya ukuta. Alisema hawezi kuapa, lakini mtoto mwenye kifua kile hakupaswa kulala humo hata usiku mmoja, na kwamba mama mzazi na kichanga wasikisogelee kabisa chumba hicho. Nilipomweleza mama, alisema kuta za mawe zimeota kuvu tangu enzi za babu na watu hawakufa, na kwamba kuvu lile ndilo uchawi wenyewe umejitokeza. Rajabu ameziba nyufa za mlizamu, lakini ukuta umekwisha kunywa, na mawe hayakauki upesi. Mama ameupaka chokaa mpya. Amekifua kitambaa kwa sabuni, akakianika, akakitundika tena kwa ajili yako. Mvua ya juzi, ile ya baada ya Maulidi, imeshapenya na harufu imerudi. Yeye analala humo peke yake, anakohoa usiku kucha, na kichwa hakimwachi.

Mwanzo nilikuwa nikibishana naye. Nilipiga kelele hata nikaaibika na majirani. Siku moja nilimvuta mkono, nikafunua pembe ya kitambaa, nikamwambia atazame. Hakutazama. Aliniuliza tu, kwa sauti ndogo ambayo sijapata kuisikia kwake, kama ninachosema ni kweli, basi nani alimtoa mtoto Mlingotini akamlaza pale. Nikakiachia kitambaa kikarudi mahali pake. Tangu siku hiyo sijamwambia tena. Bi Biubwa akipita namsalimia mimi, mama anageuza uso, nami naacha iwe hivyo. Kama mama anahitaji mchawi ili aweze kuamka asubuhi, mimi sina moyo wa kumnyang'anya.

Rajabu anataka tuhamie Zinga, ana ndugu yake mwenye kibanda huko. Nimemwambia atangulie. Nitamwachaje mama peke yake na chumba kile? Na nikikaa, mimi mwenyewe kifua kimeanza kunibana. Kila nikigeuka naona ubaya. Nakuambia kweli, sitegemei kheri yoyote katika nyumba hii, isipokuwa moja tu, kwamba mwanao asizaliwe humo.

Kwa hiyo nisikilize. Mwandikie mama kwamba wakwe zako wamekukatalia safari, wanataka mjukuu wao azaliwe Pangani. Atawachukia na kuwasema mpaka mji mzima usikie kwamba wamemwibia binti. Mwache awaseme. Atakulilia kwamba umemtupa, atakutumia watu, huenda akafunga safari kuja kukuchukua mwenyewe. Usimkubalie. Na usimwambie sababu, kwa haki ya maziwa tuliyonyonya sote. Nichukie mimi ukitaka, lakini usije.

Rajabu anakusalimu sana pamoja na shemeji Alawi. Sadallah yuko Mlingotini kwa shangazi Tatu, nimempeleka akae huko huko, naye hajambo, damu imekoma, na wote wawili wanakusalimu. Nisalimie wakwe zako, waambie nawaomba radhi kwa matusi watakayoyapata bila kosa.

Mama ametoka jikoni sasa hivi, amesimama nyuma ya kiti changu. Kusoma hajui, anaangalia tu jinsi karatasi ilivyojaa, na amefurahi kwamba nimekuandikia mengi. Anakusalimu salaam nyingi. Amesema nikuongezee kwamba kitanda kikubwa ameshakitandika, na upande wa ukutani ameuacha kwa ajili ya mtoto.

Wasalaam,
Ni mimi dada yako,
Sihaba binti Haji.