Tovuti Yangu Haina Twiga

Jumamosi, Julai. Mlima haujaonekana tangu asubuhi, na baridi imeshuka mpaka mjini.

Nakuomba sana, wewe uliyefika hapa, haya unayoyasoma yaishie kwako. Usimtumie mtu. Usiyapige picha ukayaweka kwenye kundi. Na kama unafahamiana na yeyote katika ofisi za kupandisha wageni mlimani hapa Moshi, basi kwa leo jifanye hunijui. Nahitaji siri hii mpaka Jumatatu. Jumatatu nitaisema mwenyewe.

Mimi ni karani. Najibu barua pepe za wageni, napanga vyumba, naandika majina ya wapagazi. Ni mtu wa kuhakiki kila kitu mara mbili. Hata mlango wa chumba changu nikishaufunga narudi kuutikisa. Na ni mwoga. Bosi akikohoa ofisini kwake, mimi huku naanza kutafuta nimekosea wapi.

Lakini pia nachora.

Nachora kihamba cha bibi yangu kule Marangu: migomba, mibuni chini yake, moshi wa jikoni unaojipenyeza kwenye majani, na wingu mahali ambapo wageni wanategemea kuona mlima. Ndivyo tunavyoishi nao sisi. Siku nyingi tunajua tu kwamba upo.

Mwaka jana bosi alizipenda picha zangu, akaniomba apambie mapokezi. Nilifurahi mno hata sikuuliza swali lolote. Wageni wakaanza kuzinunua, nami nikawa napewa bahasha nyembamba pamoja na "asante, binti yangu." Chini ya kila picha kilibandikwa kibao chenye jina la ofisi. Langu halikuwepo. Nikajiambia si neno, mradi zinaonekana.

Jumanne niliingia kazini nikaikuta picha yangu kubwa ya pale mapokezi imeongezwa twiga.

Twiga.

Kasimama katikati ya migomba ya bibi, shingo imetokeza juu, na wingu langu limefutwa ikawekwa theluji nyeupe kama povu la sabuni. Bosi alikuwa amemwita fundi wa kuandika mabango airekebishe.

Nikasema, na sauti niliisikia kama ya mtu mwingine: "Bosi, Marangu hakuna twiga."

"Mgeni anajua hilo?" Alikuwa anacheka. "Haika, mtu kapanda ndege kuja kuona Afrika, wewe unamwonyesha ukungu! Ukungu si anao kwao?"

Madereva waliokuwa wanasubiri wageni wakacheka naye. Nikaomba basi jina langu liandikwe kwenye zile ambazo hazijaguswa. Hapo akaacha kucheka. Akasema picha iliyo kwenye ukuta wa ofisi ni ya ofisi, na mimi nikitaka jina nitafute ukuta wangu.

Nimeutafuta.

Tangu siku hiyo kila mchana nimekula chakula changu kwa Zuhura, rafiki yangu tangu sekondari, ambaye ni fundi cherehani karibu na soko. Yeye anashona, mimi nasoma kwa sauti masharti ya majukwaa ya kutengenezea tovuti. Sikujua kwamba kupata ukuta kunaumiza kichwa hivi.

Nilianza na la bure. Ubure wake niliuona ukurasa ulipofunguka: juu ya picha ya jiko la bibi kulikuwa na tangazo la dawa ya kupunguza tumbo, na jina langu limefungiwa mkia mrefu wa jina la kampuni yao. Nitoke chini ya kibao cha mtu mmoja nikaingie chini ya kibao cha mwingine? Nikafuta.

Lililofuata liliniteka kwa urembo. Picha zinateleza zenyewe, zinakua, zinafifia, kama harusi. Nilikaribia kulipia. Zuhura akasema ngoja kwanza tulijaribu kwenye simu yake, ile yenye kioo kilichopasuka. Tukangoja. Akapiga pasi gauni zima, kiduara bado kinazunguka.

"Hii ni ya watu wasionunua bando," akasema. "Mwenzio ningeshainunua picha, nikaitundika, ikapata vumbi."

Nikatambua kosa langu. Nilikuwa nachagua tovuti ya kumpendeza mgeni, kama bosi tu, wakati mtu wa kwanza ninayetaka aione ni mama, ambaye anatumia simu ya aina hiyohiyo, tena kwenye mtandao wa migombani.

Hapo woga wangu ukawa na faida. Mimi ndiye yule mtu anayesoma maandishi madogo mpaka mwisho. Nikaona wanaotoza bei ya chini mwaka wa kwanza halafu wa pili inaruka. Nikaona wanaokata sehemu ya kila picha inayouzwa, kama dalali. Wengine hawataki pesa ya simu, wanataka kadi ambayo sina. Wengine, ukihama, picha na maandishi yako vinabaki kwao.

Niliyoichagua ni ya kampuni ndogo ya hapahapa nchini. Haina urembo. Ukurasa mweupe, picha moja, maelezo mafupi. Haina hata kikapu cha kununulia. Anayetaka picha ananiandikia. Lakini nalipa kwa simu kila mwezi, jina la tovuti ni langu, na siku nikiondoka naondoka na kila kitu. Kwa Zuhura ilifunguka kabla hajatunga uzi kwenye sindano.

Ningeilipia jana. Sikulipia, kwa sababu juzi baba mdogo alinipigia.

Yeye ndiye aliyenitafutia kazi hii, na bosi alikuwa ameshamlalamikia. Akaniambia nipande nyumbani, nikate sale, nimpelekee bosi. Asiye wa kwetu huenda hajui: sale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani mwa vihamba, na Mchagga akikuletea jani lake, anakuomba msamaha na huwezi kumkataa. Njia nzuri. Ila anayelibeba ameshakubali kwamba kosa ni lake.

Na nilikubali. Naandika hivi kwa aibu. Ada ya mdogo wangu inatoka kwenye mshahara ule. Leo asubuhi nimepanda Marangu, na bibi amenikuta mpakani nimeshika kisu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umemkosea nani?"

Nikamweleza. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaisogeza mbali na macho, akaisogeza tena.

"Mae! Huyu mnyama anafanya nini kwenye migomba yangu?"

"Wamemwongeza, bibi."

"Na ng'ombe wangu yuko wapi?"

Sikuwa nimeliona hilo. Kweli, pale nilipomchora ng'ombe wake akichungulia bandani, palikuwa na miguu ya twiga.

"Wamempaka rangi juu, bibi. Hayupo."

"Wamemwondoa ng'ombe wangu, halafu wewe ndiye unayepeleka sale?" Akanirudishia simu. "Toa kisu hicho. Akitaka sale, alete yeye. Njoo ule."

Nikala kiburu chake cha ndizi na maharage, nikashuka mjini, nikaenda moja kwa moja kwa Zuhura. Nikalipia nikiwa nimesimama, nisije nikafikiri. Namba za mwisho alizibonyeza yeye. Kisha nikapandisha picha zote nilizonazo, na juu kabisa nikaandika jina langu kamili, la kwanza na la ukoo.

Bado naogopa. Sijawahi kuogopa hivi. Huenda Jumatatu mchana nikawa sina kazi, na sijui nitamwambia nini mdogo wangu. Lakini jina silifuti. Nimelihakiki mara mbili, limeandikwa sawasawa.

Kwa anayetaka kunipata: usipige simu ofisini. Chini ya kila picha kuna sehemu imeandikwa Niandikie. Taja picha unayoitaka na mahali ulipo, najibu jioni. Ukitaka kuiona kwanza kwa macho, chagua siku, nitakupokea stendi ya Marangu Mtoni tupande kwa miguu. Vaa viatu vya matope.

Nawe bosi, ikiwa haya yamekufikia kabla yangu, usihangaike kuniandikia. Jumatatu nitakuwa mlangoni kwako kabla hujavua koti. Nitapiga hodi, na nitaingia.