Ishara ya Kusimama

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kile kikohozi chako kimekuachia. Mimi ni mzima, na safari hii neno hilo siliandiki kwa mazoea.

Umeniuliza mambo mawili: kama ni kweli nililazwa, na kama ni mguu ule ule. Ni kweli. Na ni ule ule wa kushoto, uliovunjika utotoni nilipoanguka kutoka mgongoni kwako pale kwenye ngazi. Usiikunje barua hapa. Soma mpaka mwisho.

Kazi yangu unaijua. Nasimama chini kwenye jengo, naelekeza winchi kwa mikono. Anayeiendesha ni mwanamke, tunamwita Kipanga, maana anakaa juu kabisa kwenye kibanda cha vioo. Kwa makelele yale hanisikii, anaiona mikono tu. Sheria yetu ni kwamba ishara ya kupandisha mzigo anaipokea kwangu peke yangu, lakini ya kusimama anaipokea kwa yeyote, hata mfagiaji.

Goti lilipoanza kuuma nilisema ni uchovu. Likavimba, nikasema nimejigonga kwenye nondo. Wenzangu wa chini hawakuona kitu, kwa sababu mbele yao nilikaza meno. Aliyeona ni yule wa juu. Asubuhi moja nikampa ishara ya kupandisha, hakupandisha. Akashuka ngazi zote zile, akaniambia mbele za watu kwamba natembea kama meza yenye mguu mfupi, kwamba mficha maradhi kilio humuumbua, na kwamba hainui hata ndoo ya zege mpaka niende hospitali. Nyapara akafoka. Kipanga akamjibu kwamba amepokea ishara ya kusimama. Nyapara akauliza kutoka kwa nani. Akasema, kutoka kwa goti.

Hospitali wakapiga picha, wakachukua kipande kidogo cha mfupa wakakipima. Daktari, mama wa makamo asiye na haraka, akaniambia ni saratani ya mfupa. Siku hiyo sikusikia neno jingine. Kesho yake nilimuuliza mfupa unafikaje huko, naye akavuta kiti.

Akasema seli za mwili huishi kwa kupelekeana ujumbe. Ujumbe ukifika nje ya seli unapokewa, halafu unapokezanwa ndani, huyu kwa yule, mpaka kwenye kiini, ndipo seli inajua ikue au itulie. Katika ugonjwa huu baadhi ya wapokezanaji huharibika. Mmoja anaganda kwenye ujumbe wa kukua, na yule wa kusimamisha hasikiki tena. Tena seli hizo mbovu huzichochea seli zinazokula mfupa ziule zaidi, na mfupa ukiliwa unamwaga ujumbe mwingine wa kukua. Basi zinalishana. Nikamwambia hiyo ni winchi inayopandisha huku mtoa ishara ameshaenda kula. Akacheka, akasema ndiyo, na dereva amejifungia ndani.

Dawa za kuukata ujumbe wenyewe, alisema, bado wanazitafuta kwa saratani kama yangu. Mimi nilipewa zile za kuua seli zinazozaliana haraka, nazo nusura ziondoke na mimi. Nywele zilikwisha mpaka nyusi. Kipanga alipokuja kuniona alimuuliza muuguzi ni nani aliyetaga kitandani kwangu. Kisha wakanipasua, wakatoa kipande cha mfupa pamoja na goti, wakaweka chuma. Juzi picha mpya zimetoka, za mguu na za mapafu. Ni safi. Daktari atanifuatilia kwa miaka, lakini nimelala kama mtoto aliyeshiba.

Sasa nikuambie lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Kabla ya kupasuliwa sikumuuliza daktari kama nitapona. Nilimuuliza habari za ile ngazi, kama ndiyo iliyoleta haya. Nakiri niliogopa, na nilishaamua kwamba akisema ndiyo, nitakudanganya ni mguu wa kulia. Akasema hapana. Mfupa ule uliunga ukapona zamani. Kuanguka hakuleti ugonjwa huu. Ujumbe uliharibika ndani kwa ndani, bila kutumwa na mtu, na mara nyingi hata wao hawajui kwa nini. Nilimwomba arudie, ili nikuandikie maneno yake na si yangu.

Dada, mimi nilishuka mgongoni kwako siku ile ile. Wewe ndiye uliyeendelea kubeba, na hakuna aliyekupa ishara ya kupandisha. Natembelea gongo, kwa hiyo mkono wa kukupa ni mmoja tu. Nimeunyoosha, kiganja chini. Simama hapo. Tua mzigo.

Msalimie shemeji. Watoto waambie mjomba wao ana goti la chuma, nikija wasinirukie wote pamoja.

Ni mimi mdogo wako,
yule wa mgongoni