Paa la Madebe la Bibi Mwanarusi

Jumanne, 8 Aprili 2025

Nimeipata nyumba! Miaka sita katika ofisi ya utamaduni ya kaunti na sijawahi kuingiza hata choo kwenye orodha ya urithi. Kila jengo ninalotumwa kukagua ni la juzi, au limeshageuzwa duka la simu. Leo nimeenda Majengo, hapa hapa Thika, nyuma ya vibanda vya soko — nyumba ya udongo ya mwaka 1938, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande. Na paa! Paa lote ni la madebe ya mafuta ya taa. Yamepasuliwa, yakagongwa kwa nyundo mpaka yakanyooka, yakapangwa moja juu ya lingine kama magamba ya samaki. Mengine bado yana chapa ya kifaru.

Mwenyewe ni Bibi Mwanarusi, miaka themanini na moja. Babake alikuwa mpishi kwenye shamba la mkonge, akawa anarudi na debe tupu moja, kila jioni moja, mpaka yakatosha. Bibi akiwa mtoto ndiye alikuwa akimshikia misumari kila palipohitaji kuzibwa. Sasa anaishi na mwanawe Ibra, anayeuza viatu sokoni. Mtu wa maneno machache.

Wameomba kuorodheshwa kwa sababu barabara ya soko inapanuliwa. Nyumba isiyo kwenye orodha inabomolewa. Iliyo kwenye orodha inapigiliwa kibao cha kaunti mlangoni, na barabara inaikwepa. Basi. Bibi alininyooshea kidole chumba cha mwisho: alizaliwa humo, na anataka maiti yake itolewe humo.

Mvua ilikuja nikijaza fomu. Tone likaangukia jina langu. Nikacheka, nikasema, aii Bibi, hili paa limechoka! Bibi akacheka. Ibra hakucheka. Alikwenda akaleta sufuria akakinga.

Jumatano, 9 Aprili

Nimejumlisha mara tatu. Umri, historia, ufundi, hali ya asili, umuhimu kwa mtaa. Sabini na sita! Alama ya kupita ni sitini. Nyingi zimetoka kwenye hali ya asili, yaani jengo liko vile lilivyojengwa, halijaguswa. Paa ndilo limebeba mzigo wote.

Simeon, mkubwa wangu, alivua miwani akasema hii itapita hata kamati ikilala. Halafu akanikumbusha barua ya ilani. Ukurasa mmoja: mwenye nyumba asibadilishe kitu chochote hadi kamati ifike. Nimeichapisha, iko mkobani.

Nimenunua mandazi ya ofisi nzima. Mimi!

Jumatano, 16 Aprili

Tarehe ya kamati imetoka, Jumanne ya tarehe 29. Nilitaka kupeleka barua mchana lakini ilinyesha kama imeagizwa. Nikapiga simu badala yake, Ibra akapokea.

Barua ilikuwa mkononi. Nikaipitia tena kimya kimya — faini, kifungu, mashtaka, "mmiliki atawajibika". Haya nimsomee mtu ambaye mamake alinikalisha akanipa chai? Niliona haya. Nikasema tu wageni wanakuja tarehe ishirini na tisa, ni wakubwa, jiandaeni. Ibra akasema watajiandaa, dada, nisiwe na wasiwasi.

Jioni Simeon akauliza kama barua imefika. Nikasema imefika. Nilijua kesho nitaipeleka, kwa hivyo ulikuwa uongo wa siku moja tu. Akaandika kwenye faili.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Mvua. Sikutoka kwangu Ngoingwa. Barua ni ya wiki ijayo.

Alhamisi, 24 Aprili

Acha niandike.

Nimeenda Majengo na barua, hatimaye. Nikaipita nyumba. Nikarudi, nikaipita tena. Nilikuwa natafuta paa la kutu, na mbele yangu kulikuwa na mabati ya buluu yanayong'aa mpaka yanaumiza macho. Ukuta wa mbele umepigwa plasta ya simiti. Rangi ya krimu. Mlango umepakwa vanishi.

Ibra alikuwa juu ya ngazi anafunga gata la maji ya mvua. Akashuka anatabasamu, mara ya kwanza nimeona meno yake. Akanieleza bila kuulizwa: ukoo mzima umechanga, wa Ruiru, wa Nairobi, hata binamu aliye Doha. Mafundi watatu, siku nne, yeye mwenyewe amefunga kibanda chake cha viatu wiki nzima.

Niliuliza kwa nini. Swali la kijinga sana.

"Si wewe mwenyewe ulisema paa limechoka, dada? Halafu ukasema tujiandae. Sasa tungewaingizaje wakubwa wa kaunti kwa nyumba inavuja? Hiyo ni aibu."

Kila neno lilikuwa langu. Nikauliza madebe yako wapi. Yamechukuliwa na mtu wa skrapu wa Mwihoko, anaitwa Mwas. Alikuja na mkokoteni mara tatu.

Bibi alinishika mkono akaniingiza chumbani kwake, akanikalisha kitandani. Akaniambia juzi ilinyesha tangu magharibi mpaka alfajiri na yeye alilala. Alilala! Tangu marehemu mumewe afe, kila mvua ameamka kusogeza sufuria. "Nimelala kama mtoto, mwanangu. Mungu akuzidishie." Ananiombea dua MIMI.

Nilikunywa chai yake yote. Sikumwambia kitu. Barua nilirudi nayo.

Ijumaa, 25 Aprili

Niliomba ruhusa kwamba naumwa na tumbo. Wala si uongo mkubwa.

Nikaenda Mwihoko. Uwanja wa Mwas uko nyuma ya ploti za kupangisha, marundo ya fremu za vitanda na injini. Kijana mchangamfu. Nikamwuliza madebe ya Majengo.

"Madebe zile za kutu? Ziliishia jana na lori, auntie. Saa hii ni chuma ingine."

Nikamwambia ni vitu vya historia. Akanitazama vizuri, akaona sifanyi mzaha. Akasema pole. Akasema mtu angemwambia angeziweka kando hata mwezi, kwani zinakula nyasi, nafasi iko. Ni kweli! Mtu angemwambia. Neno moja tu, kwa Mwas, kwa Ibra, kwa yeyote, na yale madebe yangekuwa juu ya nyumba sasa hivi.

Lilibaki moja, amezibia kibanda cha mbwa. Alining'olea bila kuniambia nilipe. Nimerudi Ngoingwa nimelipakata kwenye boda, mtu mzima na suti yangu ya ofisi. Nimeliegemeza ukutani. Nikiliangalia naona nyundo ya yule mzee, alama ndogo ndogo kila mahali, mstari kwa mstari. Hakuwa na haraka hata kidogo.

Mimi ndiye nilikuwa na haraka, na bado sikupeleka barua.

Jumapili, 27 Aprili

Kanisani nilisimama wengine wakiketi.

Mchana nimejaza fomu upya, kwa penseli, nione. Kanuni inasema paa na ukuta wa mbele vikibadilishwa, hali ya asili haizidi alama tano. Ufundi nao umeshuka, kwa sababu ufundi wenyewe ulikuwa lile paa. Jumla, arobaini na tisa. Nimehesabu tena. Arobaini na tisa.

Kisha nikasoma mwongozo wote, kitu ambacho nilipaswa kufanya miaka sita iliyopita. Ukurasa wa kumi na tisa! Ikiwa mwenye nyumba hakupewa ilani, kamati inaweza kulipima jengo kwa hali iliyokuwa siku ya ukaguzi wa kwanza. Picha ninazo, zote za tarehe nane, paa kila pembe. Sabini na sita bado iko hai!

Sharti ni moja. Afisa aliyezembea akiri kwa maandishi na kutia sahihi.

Afisa ni mimi. Mkataba wangu unaisha Juni. Na si kuzembea tu — kuna "imefika" yangu ndani ya faili, kwa mwandiko wa Simeon, mtu ambaye hajawahi kunifanyia ubaya. Nikikiri, naye nimemwaibisha.

Sawa. Bibi ana nyumba moja. Mimi kazi nyingine nitapata, ama nitarudi Bungoma nikauze nyanya na mamangu. Kesho namwambia Simeon, asubuhi, kabla ya chai.

Jumatatu, 28 Aprili

Sikumwambia.

Nilibisha mlango wake saa mbili. Alikuwa anaandika majina ya watakaoongezewa mkataba. Akanionyesha, la kwanza ni langu. Akasema kwa ile nyumba ya madebe peke yake nimejipatia nafasi. Halafu, bila kuinua kichwa: "Na ile barua ulipeleka, si ndiyo? Kesho Mwalimu Kanini atauliza, huyo mama hasahau kitu."

Nikasema ndiyo.

Mara ya pili sasa, na safari hii hakuna mvua ya kusingizia. Najichukia. Naandika wazi ili nisijidanganye baadaye: niliulizwa na mtu mwema, mlango umefungwa, sisi wawili tu, nikasema ndiyo.

Kesho mbele ya kamati nitasema. Hapo hata nikitaka kurudi nyuma sitaweza. Nimeandika ungamo, mistari sita, nimetia sahihi. Limo ndani ya fomu.

Jumanne, 29 Aprili

Naandika nikiwa uani, nimekaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Kamati iko ukumbini inakunywa chai. Wanadhani namalizia ripoti.

Tulifika saa nne na nusu. Simeon, Mwalimu Kanini — mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa kamati — na wajumbe wawili. Simeon alipoliona paa alisimama katikati ya njia. Alinigeukia tu, na yale macho nitakwenda nayo kaburini.

Bibi alikuwa barazani amevaa leso mpya, na mahamri chini ya kitambaa, na Ibra nyuma yake amevaa kanzu. Aliwaongoza wageni mwenyewe, polepole, fimbo mkononi. "Tazameni juu. Hata tone moja haliingii." Wajumbe wakatazama juu. Mmoja akakohoa.

Mwalimu Kanini aligusa plasta kwa ukucha. Akafungua faili. Akamwuliza Simeon kama ilani ilitolewa, Simeon akasoma: barua imefika tarehe kumi na sita. Sauti yake ilikuwa chini sana. Nadhani alikuwa ameshajua.

Sasa ndiyo ilikuwa saa yangu. Karatasi ilikuwa mkononi, nimeshaitoa kwenye fomu.

Lakini Mwalimu akamgeukia Bibi, kwa sauti ya darasani: "Mama, huyu Nekoye alikuletea barua ama hakuleta? Niambie ukweli."

Bibi aliniangalia. Aliona nimeshika karatasi, aliona jasho langu. Alichokiona ni msichana wa watu anataka kugombezwa na wakubwa wake, ndani ya nyumba yake, siku ya ugeni. Nilimwona akiamua. Sikuwahi kudhani mtu anaweza kunifanyia wema mkubwa na mbaya namna ile.

"Aliileta," akasema. "Tena kwa adabu. Sisi ndio hatukuisoma, mimi macho hayaoni. Msimlaumu mtoto."

Ibra aligutuka. Bibi akamgusa kwa fimbo mguuni, kidogo tu. Ibra akasema, ndiyo, aliileta.

Mwalimu Kanini akaandika. Nilisikia kalamu.

Nilifungua mdomo. Ningesema nini? Bibi anasema uongo? Bibi yuko mbele yangu, na wageni wake, na mahamri yake! Dakika moja nzima ningeweza kusema, nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao. Nikalikunja lile ungamo mara mbili, tatu, nne. Nikasema naomba nitoke nje kidogo.

Nilipopita, Bibi akaninong'oneza nitulie, yamekwisha.

Simeon amekuja mlangoni sasa hivi. Amesema hawatarudi ofisini, Mwalimu anataka wafunge fomu hapa hapa wakimaliza chai, na kama nina la kuongeza niingie. Akasimama. Akangoja, muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kisha akarudi ndani.

Birika la pili limeingia. Nawasikia wakisifu mahamri. Mjumbe mmoja anauliza, kwa hali ya asili tuandike tano ama tuwe na huruma tuandike sita? Mwalimu anasema huruma haina kisanduku.

Karatasi iko ndani ya ngumi yangu. Inahitaji tu kunyooshwa. Na bado nimekaa!

Bibi anatoka. Ameshika nyundo. Anataka nisimame nimwonyeshe kibao cha kaunti kitapigiliwa upande gani wa mlango, kulia au kushoto, maana Ibra anataka kuweka taa, na hataki taa hiyo ije ikizibe.