Mikasi Mitatu kwenye Mawaridi ya Mama

Nyumbani kwa mama,
Chumba cha mbele,
Jumapili alasiri.

Mpendwa mdogo wangu Kibiriti,

Pokea salamu zetu sote, na kabla ya lolote nijulishe kifua kinaendeleaje. Mara ya mwisho ulikohoa kwenye simu mpaka mama akakata, akisema ni afadhali upumzike kuliko kumsalimia. Wifi yangu je, na mapacha? Nasikia sasa wananizidi urefu. Hilo si jambo gumu, lakini wapongeze.

Sisi tunaendelea. Mimi bado niko duka la dawa, nasimama kutwa, na wateja bado wananisimulia magonjwa yao kana kwamba ni mimi niliyewaambukiza. Shemeji yako anashona sare za shule, kwa hiyo nyumba nzima imejaa nyuzi za bluu, hata kwenye sukari. Mama mdogo yupo, na sauti yake ipo.

Barua yako ilifika. Uliniuliza jambo moja na ukaniomba nisipindishe maneno: mama anaona au haoni, na je, ahamie kwako huko ghorofani, ukija kumchukua mkataba wako wa kazi utakapoisha mwakani, au abaki hapa. Nitakujibu. Ila itabidi nikupitishe bustanini kwanza, maana huko ndiko mambo yalikojulikana.

Unayakumbuka mawaridi yake. Ni yale meupe mafupi, hayavuki goti, yamebanana pande zote mbili za njia ya matofali kutoka mlangoni hadi getini. Marehemu baba alitaka pale pawe na mboga, mama akamwambia mboga zinauzwa sokoni, na hapo mjadala ukaisha. Huyamwagilia chini kwenye shina, kamwe si juu ya majani, na kila asubuhi baada ya chai hutoka na mkasi wake shingoni, umefungwa kamba, akayakata maua yaliyokauka. Sheria yake unaijua, kwa kuwa alikuchapa kwa ajili yake: ua lililokufa halinyofolewi. Unashuka na kikonyo mpaka ukute jani la kwanza lenye vijani vitano, lile analoliita mkono, unakata juu yake kidogo. Ukiliacha ua kavu mtini linafunga tunda, na shina linaona kazi imekwisha, linaacha kuchanua.

Basi baada ya zile mvua fupi nikaona jambo. Kwenye meza ya chakula palikuwa na gilasi imejaa mawaridi mabichi, yaliyofunguka asubuhi hiyohiyo. Nje, yale makavu ya rangi ya chai yalikuwa yananing'inia vilevile. Nilimuuliza mama, akasema ameyataka maua ndani. Kesho yake ikawa hivyohivyo. Yeye aliyekuwa akitugombeza tukichuma hata moja kumpelekea mwalimu sasa anakata mazima na kuacha mafu.

Sikuhitaji kusomea udaktari. Meupe anayaona, yaliyogeuka kahawia yamepotea machoni pake. Anakata anachokiona. Nikaenda kazini, kwa sababu ilikuwa siku ya kupokea mzigo.

Sikumwambia mtu. Hapo ndipo nilipojiona nina akili. Nikaanza kuamka kabla yake, nachukua mkasi wa kukatia bandeji, nakata yale makavu yote kwa sheria, juu ya mkono, ili akitoka asiwe na la kukosea. Nilidhani hiyo ni siri yangu na mawaridi.

Kumbe shemeji yako naye ameona. Yeye, kwa kuwa ni mkwe, hawezi kutamka neno kuhusu macho ya mama mkwe wake. Angeona bora ameze sindano. Kwa hiyo jioni akienda kufunga geti alipitia pale na mkasi wake wa nguo. Unajua fundi na mkasi wake wa nguo: hata mimi nikikatia karatasi ananuna mpaka Ijumaa. Naye mama mdogo alikuwa akitoka mchana, mama akijilaza, na mkasi wa jikoni ndani ya kanga.

Sasa sikiliza jinsi watu watatu wenye macho wanavyoweza kuiua bustani. Mimi nikikata asubuhi, mama mdogo mchana anakuta vikonyo vimekatwa, anadhani ni mama amekosea, anavirekebisha kwa kushuka mpaka mkono unaofuata. Jioni fundi anakuta mikato ya mama mdogo, naye anadhani ni ya mama, anashuka tena. Asubuhi nafika mimi, natikisa kichwa kwa jinsi mkono wa mama ulivyokuwa mzito, nashuka. Kila mmoja wetu alikuwa anamfichia mama makosa, na makosa yote yalikuwa yetu. Mama mwenyewe alikuwa ameshaacha kukata, kwa kuwa hapakuwa na cheupe chochote cha kukata.

Mawaridi yalifika usawa wa kifundo cha mguu. Yalibaki vijiti.

Jumamosi ya wiki mbili zilizopita sikwenda kazini. Mama alisema anajilaza kidogo. Nikatoka na mkasi wangu, nikamkuta mama mdogo ameinama upande wa kushoto, na kabla hatujasema lolote fundi akaja kutoka upande wa gereji na mkasi wake begani. Tulitazamana. Mama mdogo akausukuma mkasi wa jikoni ndani ya kanga, kana kwamba hatukuuona.

Dirisha la chumba cha mama lilikuwa wazi. Sauti yake ikatoka, ya kawaida kabisa, akiuliza kama tumemaliza au bado kuna kilichosalia. Akasema amekuwa akitusikia siku zote. Mkasi wa fundi, alisema, haufichiki, una mlio wa kukata kitambaa. Alikuwa anangoja aone nani atakuwa wa kwanza kumwambia, akachoka kungoja.

Tuliingia ndani mmoja mmoja kama wanafunzi waliochelewa. Fundi aliomba radhi kwa mawaridi, si kwa jambo lenyewe, kisha akakumbuka ana sare za kumalizia. Mama mdogo alilia. Mimi sikulia, nilichemsha maji.

Mama hakugombeza, na ningependa angegombeza. Alieleza mwenyewe. Ukungu ulianza pembeni, sasa umeingia katikati. Nyuso anazitambua mtu akiwa karibu na pakiwa na mwanga, mbali anatujua kwa mwendo. Alikuwa hataki tujue kwa sababu alijua tutakuandikia, na wewe ni Kibiriti, ungewaka, ungetuma tiketi wiki hiyohiyo, na angejikuta kwenye ghorofa ya saba asiyoijua hata ngazi zake.

Jumatatu iliyofuata nilimpeleka kwa daktari wa macho. Alimpima kwa utulivu, kisha akanieleza, na mama akiwa amekaa palepale, kwamba mishipa ya jicho inakufa polepole. Hakuna upasuaji wa kuirudisha. Dawa ya matone itachelewesha, haitazuia. Nilimuuliza inachukua muda gani, akasema hawezi kuapa, lakini kama kuna mambo ya kuona, ayaone sasa. Matone hayo tunayo dukani kwetu, nimekuwa nikiwauzia wengine miaka yote hii.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hilo. Anaona kidogo, na kitapungua.

La pili amelijibu yeye, na nimeahidi kuliandika bila kulitia chumvi. Haji. Anakushukuru, anamshukuru wifi, anajua mna nafasi na hospitali ipo karibu. Lakini hapa anajua idadi ya hatua hadi jikoni, anajua mlango upi unakwaruza na kiti kipi kina mguu mfupi. Huko kwako angekuwa kipofu kuanzia siku ya kwanza. Nilibishana naye, nisikufiche, kwa kuwa mimi ndiye nitakayekuwa naye na nimechoka tayari. Hakutikisika, na baada ya hapo nikaona ana haki.

Mawaridi yamechipua, hayo usiyahofie. Vijiti vyote vimetoa majani mekundu, na sasa mama anajifunza upya kwa vidole: ua zima ni baridi na limekaza, lililokufa ni kama karatasi. Mkasi anashika yeye peke yake. Sisi tumepigwa marufuku kukaribia matuta, fundi hasa.

Ulikuwa umepanga kuja mwakani, mkataba ukiisha. Nilimsomea mama mahali hapo kwenye barua yako mara mbili, maana alinitaka nirudie. Kisha akaniambia niandike hivi, na nayaandika kama alivyoyasema:

“Mwambie mwanangu mwakani nitamsikia tu. Aje sasa, nimtazame.”

Msalimie wifi yangu, umwambie asikuzuie. Wapapase vichwa mapacha kwa niaba yangu, na kama unaweza, uje nao, mama hajawahi kuwatia machoni. Mama mdogo anakusalimu, fundi pia. Mungu akulainishie njia na amwachie mama mwanga mpaka ufike.

Ukikata tiketi, angalia saa za ndege. Mama anaomba ufike mchana. Taa za ndani hazimtoshi tena kumtambua mtu.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Dada yako mkubwa.