Mabati ya Batu Nyuma ya Nyumba Yako

Kolwezi, siku ya Mungu, kisha misa

Mama yangu mupenzi,

Jambo sana, Mama. Mi niko muzuri, batoto beko muzuri, bwana yangu kikohozi yake imepoa. Na weye? Ule muguu unaukanda na mafuta vile nilikuomba, ao unaungojea mupaka ukulaze chini? Nakujua. Utajibu "niko tu muzuri" hata ukiwa unatambaa. Nakuandikia sababu telefone ya kaka inakatika kila mara nikifika pa habari ya maana. Ule mwenye kukuletea barua ni jirani yetu, anakwenda kuona bibi yake. Umupatie chai.

Mama, leo naandika na roho nyepesi. Kwa muda murefu haikukuwa vile, na sasa nitakuambia sababu.

Unajua magazini, ile duka kubwa kwenye natumika kazi. Patron, mwenye mali, alianza na kenkayeri moja kadogo kule Lubumbashi, duka ya misumari na kufuli tu. Kisha akafungua Likasi, kisha hapa, na sasa hapa Kolwezi peke yake tuko na mbili. Mu ile yetu ukiingia unapotea. Ku kuume karo, bile bigae bya kupanga chini, ku kushoto milango na mabeseni ya kunawia, na mi niko katikati na mashini ya kuchanganya rangi. Bei imebandikwa, hakuna kubishana, na unanijua, hiyo njo kazi inanishinda zaidi. Benye pesa banakuja na bibi zabo, bachimbaji banakuja na matope ku bilato bya miguu. Mumoja alinunua mulango ya mbao, muzuri sana, na kufuli yake. Nikamuuliza nyumba iko wapi, akasema kiwanja angali anatafuta. Nilicheka mupaka shefu, mukubwa wetu wa magazini, akaniangalia vibaya.

Sasa, mvua ilipoanza, ule shefu akatuita wote. Akasema patron anataka kufuata njia ya reli: atafungua magazini Mutshatsha, kisha Kasaji, pale kwako. Benzangu bakapiga mikono. Mi pia nikapiga. Lakini mbele ya macho niliona meza yako pale sokoni, misumari mu bikopo, bawaba, chokaa. Ile meza njo ilitusomesha tangu tata, baba yetu, alitutoka. Na mi nakula ku hii magazini, na hii magazini inakwenda kukula meza ya mama yangu. Nitakuambia na kinywa gani? Sikukuandikia. Nikawa napika bila chumvi, bwana akiuliza namukasirikia bure. Masikini, ule mutu amenivumilia.

Shefu akakwenda Kasaji yeye mwenyewe na kamyo imepakiwa mabati, kujaribu soko. Aliporudi tulikuwa tunakula saa sita, akakaa na sisi akaanza kutuelezea. Anasema alisimamisha kamyo pa soko, mabati imefungwa mafungu mafungu, bei juu yake. Batu bakajaa. Banashika, banagonga na kidole, banasifu. Kisha mumoja akamuambia amupe bati moja, alipe, halafu amuwekee. Shefu akafikiri ni mulevi. Wa pili akasema vile vile, na wa tatu. Akabajibu banunue fungu nzima bapeleke kwabo, yeye hakukuja kuwa mulinzi.

Mutu wa Lubumbashi angejuaje? Kwetu mahindi ikiuzwa unanunua bati moja, mbuzi ikiuzwa unanunua ingine. Na kupeleka nyumbani, hapana. Ndugu ataomba mbili za kufunika choo, ao bwana atauza moja siku ya kiu. Inabaki kwa muuzaji, imeandikwa jina na kipande ya makaa, mupaka paa itimie.

Basi hakuuza hata fungu moja. Anasema batu bote balikuwa banaelekea ku meza ya mama mumoja, anachechemea, kitambaa ya buluu ku kichwa, na nyuma ya nyumba yake mabati imeegemezwa na majina ya batu. Ule mama alimucheka mbele ya soko yote. Kisha akamupatia kiti, mihogo na karanga, akamuambia: "Tata, weye unauzisha mabati. Mi nachunga nyumba za batu."

Kijiko ikanianguka. Mama! Umelisha shefu yangu mihogo, na mi sijui kintu!

Nikangojea neno lile nalikuwa naogopa. Shefu akasema ameongea na patron, na Kasaji hakutakuwa magazini. Mabati itashuka na treni, bauzaji ba pale bapokee, bauzishe moja moja, bachunge namna yabo. Na wa kwanza ule anamutaka ni mama wa kitambaa ya buluu. Akauliza nani anajua Kasaji, aende kuongea naye.

Nikasimama. "Nitakwenda mi, shefu. Ule ni mama yangu."

Bote bakageuka. Shefu akaniangalia kuanzia kichwa mupaka bilato, akasema sasa anaelewa nimetoa wapi kubishana. Nililia pale pale, sahani mu mukono, na sikuona haya. Mungu hasinzii, Mama.

Nitafika na treni ya mabati. Ukikataa, kataa, ni meza yako. Lakini ukikubali, usikubali haraka. Bisha kidogo, balete mabati mupaka kwako, sababu muguu wako hauwezi kukwenda kuifuata ku gare ya treni.

Unisalimie kaka mukubwa na baiskeli zake za batu ile hazimaliziki kutengenezwa, na shangazi mwenye kuimba mu koro ya kanisa, na mutoto wa jirani mwenye kukuchotea mayi.

Kintu kimoja kimebaki. Miaka yote unachunga paa za batu, na jikoni yako ingali ya majani, inavuja juu ya mafiga. Nimenunua bati moja ku magazini yetu, itashuka na za kwanza. Usiuze. Andika jina yangu na makaa, uegemeze pamoja na za bengine. Ingine itafuata, na ingine. Uniwekee, Mama, mupaka jikoni yako itimie.

Mi mutoto wako, na sasa mununuzi wako,

Ngalula