Barua Hamsini na Tisa, na Jina Langu

Jumatatu, 8 Machi 1999

Barua hamsini na tisa zimepotea. Ijumaa, kati ya saa mbili asubuhi na saa nane mchana. Hesabu ninayo. Saa mbili nilipiga simu kwa kompyuta hadi kwa kampuni ya Mombasa inayotunza barua pepe zangu, kama kila siku. Zilikuwa zinangoja sitini na tatu. Nikashusha nne, laini ikakatika. Saa nane: sufuri.

Leo jamaa wao ananiambia, "Madam, sanduku lilijaa, tukalifuta. Anwani moja ni ya mtu mmoja."

Nimechemka. Sanduku langu la posta hapa Ukunda linapokea barua za watu arobaini na mmoja, kutoka Waa hadi Wasini, na karani wa posta hajawahi kulalamika. Ndivyo tunavyoishi huku, na anwani yangu ya barua pepe ni ya hao hao. Mwenye sanduku hapokei zake peke yake.

Jumanne, 9 Machi

Sibembelezi mtu. Nitakuwa na posta yangu.

Duka hili la kupiga chapa nililianza na taipureta moja ya mtumba. Sikufundishwa. Na hili nitajifunza. Mutua, fundi wa redio za boti, ana kompyuta kuukuu ya hoteli iliyofungwa. Chuo kimoja cha Nairobi kimekubali kunishikia barua. Hiyo kompyuta ndiyo itakuwa seva, posta yangu: itawapigia kila saa izichukue. Masanduku arobaini na moja. Kila mtu na neno lake la siri.

Alhamisi, 11 Machi

Seva imegoma mara sita. Mara ya saba kosa lilikuwa langu: nukta moja niliyoisahau kwenye maagizo yake. Ya nane, kima wameng'oa waya wa simu. Mutua juu ya ngazi, anawatukana kwa Kikamba. Wao wanamtazama tu.

Jumamosi, 13 Machi

Imefika! Barua ya majaribio kutoka Nairobi. Mistari mitatu, dakika nne.

Bi Saumu amevuka kutoka Wasini kuulizia barua ya mwanawe. Ameizunguka seva mara mbili. "Mwanangu, hiki ndicho chombo chenyewe? Mbona hakina kioo?"

"Mama, hiki kinatunza siri," Mutua akamwambia. "Kioo cha nini?"

Amecheka. Mimi sikuweza. Bakari, huyo mwanawe, yuko melini mwaka wa nne sasa. Aliandika kwamba meli itatia nanga Mombasa mwezi huu, siku mbili tu, na tarehe ataitaja kwenye barua itakayofuata. Huenda ilikuwa ndani ya zile hamsini na tisa. Huandikia kwenye kompyuta za bandarini, hana pa kujibiwa. Akiandika tena, ataandika kwa anwani ile ile iliyo kwa kampuni. Hajui nyingine.

Nimemwambia Bi Saumu ukweli wote. Akasema, "Basi ilete anwani yetu."

Jumatatu, 15 Machi

Seva ni yangu. Jina la anwani si langu. Miaka miwili iliyopita kampuni iliniandikishia, ikajiandika yenyewe kuwa mwenye jina. Nilitia sahihi bila kusoma. Kosa langu, naliandika hapa.

Lakini jina ni la duka langu. Liko kwenye kibao mlangoni. Ni neno lao tu linalohitajika ili barua zielekee kwangu. Nimepiga mara tatu. "Tunashughulikia." Mara tatu, maneno yale yale.

Jumatano, 17 Machi

Kumetulia. Bi Saumu amekuja tena, amekaa kwenye benchi anasuka ukili wa mkeka. Seva inapiga Nairobi, inarudi mikono mitupu, inangoja saa nyingine.

Nimeipelekea kampuni faksi. Nainakili hapa:

"Siulizi tena zile hamsini na tisa ziko wapi. Nauliza moja. Mnaliachilia jina langu, ndiyo au hapana? Msiniambie mnashughulikia. Nataka neno moja, kwa maandishi, kabla ya saa sita mchana, Ijumaa tarehe 19."