Chumba cha Bibi Ghorofa ya Tisa

3 Februari

Kwa mume wangu wa kwanza, Babu,

Shikamoo. Kifua kimetulia? Na goti la kushoto, bado linatabiri mvua kuliko redio? Sisi huku wazima, tena mimi nimezidi uzima, maana ndoa imenikubali kama maji ya kisima. Usicheke. Kila asubuhi mume wangu akinywa chai namtazama mpaka inapoa, naye ananiuliza, "Mke wangu, nina kitu usoni?" Najibu, "Una uso." Tunacheka kama wehu.

Najua simu na masikio yako haviivi chungu kimoja, ndiyo maana nimeshika kalamu. Dereva wa basi ameahidi kukukabidhi barua mkononi.

Bibi amefika salama kwa matembezi yake. Ndani ya lifti alinikamata mkono, akasema, "Mbona tumbo langu limebaki chini?" Lakini Babu, ungeuona uso wake tulipofungua chumba! Unajua dukani kwetu wateja wanaonunua mapazia siku hizi wanataka nyumba mpya zenye sura ya kale. Nikajiambia, kwa nini niige picha za watu wakati nyumba nzuri kuliko zote nimelelewa ndani yake? Nikatoa ile picha ya sebule yenu. Mume wangu, fundi rangi wangu, akapaka chokaa badala ya rangi ya mafuta, akachonga mashubaka kwa jipsamu, akatundika kandili yenye balbu ndani. Pazia nimeshona mimi, kijani kile kile kilichopauka. Mkeka upo. Na kiti cha Bibi ulichotukabidhi shingo upande tumekiweka pale pale, mkabala na mlango. Hata ule ufa ulio juu ya mlango wenu mume wangu ameuchora kwa penseli!

Bibi alisimama kizingitini, akavua viatu, akasema, "Nani kanihamishia nyumba yangu?" Tulicheka mpaka machozi.

Jambo dogo tu: lifti imegoma tangu jana. Msimamizi wa jengo anasema ni siku chache, na magoti ya Bibi na ngazi za ghorofa tisa ni maadui. Basi mngoje kidogo mke mwenzangu.

Nakupenda, ila sasa wewe ni wa pili.

Mjukuu wako

11 Februari

Kwa mke wangu mdogo, uliyeniacha kwa kijana mwenye ndoo ya rangi,

Marahaba. Umzima? Na huyo mwizi wangu mzima? Mimi nipo, nakula chakula kisicho na chumvi kwa sababu sijui chumvi inakaa wapi. Nimefungua makopo yote. Katika moja nimekuta vifungo vya shati nililovaa siku ya harusi yetu. Chumvi bado.

Nimesoma habari za chumba nikafurahi. Lakini ufa? Huo ufa nimeahidi kuuziba tangu mama yako anatambaa. Sasa umenipa fedheha katika nyumba mbili.

Kiti changu kimebaki peke yake kama jino moja kinywani. Nilivisuka vyote viwili wiki moja, kwa kamba ya fungu moja, havijawahi kulala mbalimbali. Na mlango, mjukuu wangu. Miaka yote nikitoka karakana jioni, nikikohoa tu pale kwenye kona, Bibi yako keshafungua. Sijawahi kugusa komeo. Juzi ndipo nimejua kumbe ni gumu.

Ananiulizia? Usimwambie kama nimekuuliza.

Lifti ikipona, mlete siku hiyo hiyo.

Babu yako, mume uliyemtelekeza

26 Februari

Kwa Babu yangu,

Shikamoo tena na tena. Chumvi umeiona? Bibi anasema iko nyuma ya unga, "kama kila siku." Sisi wazima, isipokuwa vigimbi vya miguu, kwa kupanda ngazi. Mume wangu hunibeba kuanzia ghorofa ya saba. Majirani wanatupigia makofi, wengine wananuna.

Lifti bado. Kifaa cha kuitengeneza kilikuja, kikakataa kuingia. Ni cha lifti za aina nyingine. Msimamizi ameshika kichwa, sisi tumeshika viuno kila tukienda kumuuliza, na yeye hana la kufanya zaidi ya kuandika karatasi nyingine na kuibandika chini: "Tunaomba radhi."

Tulitaka kumshusha Bibi kwenye kiti, wanaume wanne. Alikuwa amekubali. Lakini asubuhi hiyo mzee wa ghorofa ya kumi na mbili alifariki, na kwa kuwa hakuna lifti walimshusha kwa ngazi, ndani ya shuka, wakapita mlangoni petu wakihema na kuambiana, "Inua upande wako, inua." Bibi aliwaona. Aliporudi ndani alisema, "Nilibebwa nilipozaliwa, sikuwa na la kusema. Mara ya pili bado. Sibebwi." Basi yakaisha.

Lakini usihuzunike, kwa maana nina siri tamu ya kukupa. Kila jioni Bibi anaweka vikombe viwili, chake na chako. Kisha anakwenda kufungua mlango wa mbele, anasimama kidogo, anasikiliza. Anasema, "Leo kachelewa," na kurudi kukaa. Kila jioni, Babu! Mimi nilimkumbatia nikalia kwa raha. Nikamwambia mume wangu, "Tukizeeka, nami utaningoja hivi?" Akasema atafungua mpaka bawaba zing'oke.

Hayo ndiyo mapenzi. Nataka ya kwangu yawe kama yenu.

Mjukuu wako mwenye furaha

6 Machi

Kwa mjukuu wangu,

Marahaba. Afya yangu ni ya kawaida. Chumvi nimeiona, nyuma ya unga.

Barua yako niliisoma nikacheka. Nikaisoma tena, nikaacha kucheka.

Anaposema "kachelewa," anatania? Mtazame machoni, wewe unamjua. Muulize yuko ghorofa ya ngapi. Muulize kwa upole, kama mchezo, si kama mwalimu.

Mwaka jana alitia chumvi chakula mara mbili, mara tatu. Siku moja aliniita kwa jina la kaka yake. Nikasema ni uzee, hata mimi naita mbuzi kuku. Sikumwambia mtu, kwa sababu hapa hakuna kilichoharibika. Hapa hata akisahau njia, njia yenyewe inamjua. Akitoka akizunguka, mtu atamwambia "Mama, nyumba yako ile," naye atacheka na kurudi. Huko juu nani atamwambia?

Mlete nyumbani. Sijui mtafanyaje. Ningekuja mimi, lakini daktari wa kifua amenikataza hata ngazi za zahanati yake.

Babu yako

2 Aprili

Babu,

Shikamoo. Unaendeleaje? Unisamehe kwa kimya hiki. Kila nikianza kuandika nilitaka nianze na jambo jema, nalo halikuja.

Nilimuuliza. Akanishangaa. "Ghorofa? Nyumba yetu ina ghorofa tangu lini?" Nikamsogeza dirishani. Akatazama nje muda mrefu, akasema, "Leo mawingu yameshuka sana," akafunga pazia.

Jumanne lifti ilitengemaa. Jengo zima tulishangilia, watoto walipanda na kushuka bila safari. Nilimwambia Bibi, "Twende nyumbani, Babu anakungoja." Nilikuwa nimefunga begi lake. Akaniambia, "Niende nyumbani wapi? Nipo nyumbani. Mume wangu akija akute mlango umefungwa?" Nikasema, "Tunakupeleka kwake." Akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Babu, sikujua ana nguvu vile. Akasema, "Ninyi watu mnanidanganya. Mimi nawajua ninyi?" Mimi! Mimi aliyenisuka nywele mpaka naolewa!

Mlango wa lifti ukafunguka, ukajifunga, ukafunguka. Tukarudi ndani.

Mume wangu akasema labda chumba ndicho kinachomchanganya, tukibadilishe kidogo kidogo. Akachukua brashi, akaanza na ule ufa. Bibi alipiga kelele za mwizi. Majirani walitoka. Mume wangu, mwanaume mzima, aliifuta rangi kwa kitambaa kibichi na kuuchora ufa upya huku analia, na Bibi amesimama nyuma yake anamwelekeza: "Hapana, unapinda kushoto."

Tulitaka kumfurahisha tu. Nilipima kila kitu, Babu. Nilikuwa na raha ya ndoa nikataka kila mtu aonje. Sasa nimemjengea nyumba ambamo siwezi kumtoa, na wala siwezi kuibomoa. Niambie nifanye nini. Mume wangu hajui. Daktari alikuja, naye alisema tumpe muda na tusimbishie. Muda tunao, Babu, ni kitu pekee tulicho nacho.

Jioni hii amefungua mlango tena. Sikuweza kumtazama.

Mjukuu wako

9 Aprili

Mke wangu mdogo,

Marahaba. Futa machozi, hukumkosea mtu. Chumba mmekipatia sana, ila mmesahau kitu kimoja: mimi.

Lifti inapumua, basi nakuja kabla haijabadili mawazo. Nakuja na kiti. Wewe nenda kazini kwako kama kawaida, mwizi wangu anipokee stendi. Nataka Bibi yako anione mlangoni jioni, kama siku zote.

Babu yako

18 Aprili, jioni

Kwa mjukuu wangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Bibi yako hajambo. Naandika nikiwa ndani kwako, kwa sababu ukirudi utaniuliza kwa macho, na haya siwezi kuyasema yeye akisikia. Karatasi utaikuta chini ya sahani.

Mumeo alitupandisha, mimi na kiti, kisha akaaga ili atupe nafasi. Kijana ana adabu. Wizi wake nimeusamehe.

Nilikohoa kabla ya kubisha. Mlango ukafunguka sijaugusa. Mjukuu wangu, kwa dakika ile moja nilikuwa kijana.

Bibi yako alikitazama kiti kwanza. Akakipapasa mkono wa kulia, pale kamba ilipovuka vibaya. "Kiti chake!" akasema. "Basi naye yu njiani." Kisha akanitazama mimi. "Ahsante kwa kukibeba, mzee. Umetoka mbali?"

Nikasema, "Mbali kidogo."

"Karibu upumzike. Mwenye nyumba ametoka, hakawii."

Nilitaka kukaa. Akanigusa bega. "Samahani mgeni, hicho ni cha mwenyewe." Nimekaa mkekani. Amenitolea kikombe cha tatu. Akanionyesha ufa: "Anaahidi kuuziba kila mwaka. Ulimi mwepesi, mikono mizito." Nikamwambia wanaume ndivyo tulivyo. Alicheka, kile kicheko chenyewe.

Nikamuuliza, "Ni mtu wa namna gani, mumeo?"

Akanieleza. Yote siyaandiki. Lakini alisema kwamba siku akimkasirikia humzidishia sukari kwenye chai, ili asigundue. Miaka yote hiyo mimi nilidhani zile ndizo siku za furaha. Nimeionja chai hii ya leo. Haina sukari kabisa.

Nitakaa, mkiniruhusu. Nyumbani kuna nini, vifungo?

Jua limeshuka. Ameinuka, amefunga vizuri kitambaa chake, ameweka kikombe mbele ya kiti changu. Sasa hivi amekwenda kufungua mlango. Amesimama anasikiliza ngazini, nami niko hapa nyuma yake, kikohozi kimenijaa kifuani na nimekibana. Nikikiachia ataruka kwa furaha, atatazama nje, na hatamkuta mtu.

Ukifika, pita taratibu. Usimfungie mlango.

Babu yako